Somo la Bonane: Ushirika wa Wakristo Mwaka Uishapo



Wasikilizaji wapendwa, ninyi mlio mijini na ninyi wa vituo vya mbali ambako padri hufika mara chache tu kwa mwaka, twawasalimu nyote. Noeli imepita, mtoto Yesu angali amelala horini katika makanisa yetu, na tayari watoto nyumbani wanauliza habari za Bonane. Neno hili tumeliazima katika Kifaransa, lakini tumelitumia siku nyingi hata limekuwa letu. Kwa hiyo leo hatutaanza sura mpya ya katekisimu. Tutasimama kidogo kwenye fundisho moja la Nasadiki ambalo twalisali haraka mno, yaani ushirika wa watakatifu, tukatafute fundisho hilo latudai nini katika siku hizi mbili, tarehe 31 Desemba na tarehe 1 Januari.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa Januari mosi si mwanzo wa mwaka wa Kanisa. Mwaka wa liturujia huanza Dominika ya kwanza ya Majilio. Tarehe 1 Januari ni siku ya nane ya Noeli, na tangu kalenda ya Kanisa ilipotengenezwa upya mwaka 1969 ni sherehe ya Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu. Tena tangu mwaka 1968, kwa agizo la Papa Paulo wa 6, ni siku ya kuiombea dunia amani. Wazee wetu nao hawakuijua Januari. Wao walihesabu miaka kwa mvua na kwa mavuno. Kalenda tunayofuata leo ilitoka kwa Warumi wa kale, ikasahihishwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582. Basi mtu asidhani kwamba usiku ule una nguvu ya siri ndani yake. Hauna. Wako wanaokusanya watu katika mikesha na kuwauzia utabiri wa mwaka unaokuja, nani atapata mume, nani atapata kazi, nani atakufa. Bidhaa hiyo Mkristo asiinunue, hata ikiuzwa kwa jina la Yesu.

Hata hivyo siku ile ina jambo lake. Ni siku ambayo watu wote huhesabu. Mwenye duka ahesabu madeni yaliyomo katika daftari lake. Baba wa nyumba ahesabu fedha iliyobaki, aone kama itatosha mchele, kuku na nguo za watoto. Mama ahesabu watoto wake, na pengine hesabu haitimii, maana mmoja amezikwa mwezi wa tano. Sisi Wakristo nasi twapaswa kuhesabu, lakini hesabu yetu ina namna yake. Twahesabu watu, tena twaanza na wale wasiokuwapo.

Mtauliza tumetoa wapi mafundisho hayo. Tumeyatoa kwa Mitume. Katika Matendo ya Mitume, sura ya pili, Mtakatifu Luka atuambia habari za wale watu wapata elfu tatu waliobatizwa siku ya Pentekoste. Walidumu katika mafundisho, katika ushirika, katika kuumega mkate na katika sala, nao waliuza mali zao ili kila mmoja apewe kadiri ya haja yake. Angalieni jinsi Luka alivyouweka ushirika kati ya mafundisho na Ekaristi, wala hakuuweka pembeni kama mapambo. Lakini mambo hayakukaa mazuri siku zote. Miaka michache baadaye, kule Korinto, Wakristo walikusanyika kwa karamu ya Bwana, na wenye mali wakala chakula chao mapema bila kuwangojea wengine. Huyu akashiba na kulewa, na yule akabaki na njaa katika nyumba ile ile. Mtakatifu Paulo akawaandikia kwa ukali, na ukali huo twausoma katika Waraka wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 11. Awaambia kwamba mkutano wao umekuwa wa hasara kwao. Afadhali, ni kana kwamba, wangalikula kila mtu nyumbani kwake.

Ndugu, sura hiyo ingefaa isomwe katika kila mtaa wetu siku ya Bonane. Maana twaijua Bonane yetu ilivyo. Upande huu wa ukuta muziki unalia tangu asubuhi, chupa za bia zimepangwa mezani, watoto wamevaa viatu vipya vinavyowaumiza vidole. Upande wa pili mama mjane amewafungia watoto wake ndani ya nyumba mchana kutwa ili majirani wasiwaone na nguo kuukuu. Asubuhi hiyo hiyo nyumba zote mbili zilipokea Mwili mmoja wa Kristu, ikiwa mjane alithubutu kuja Misa. Mara nyingi hathubutu.

Kuna shahidi mwingine wa kale tunayempenda sana, naye ni Mtakatifu Yustino, aliyeuawa Roma kwa ajili ya imani yapata mwaka 165. Yapata miaka kumi kabla ya kufa kwake aliandika kitabu kwa Kaisari ili kuwatetea Wakristo, akaeleza bila kuficha jinsi walivyosali siku ya Dominika. Watu wa mjini na wa mashambani walikutana mahali pamoja, maandiko yakasomwa, kiongozi akawafundisha, mkate na divai vikaletwa na kushukuriwa, kila mtu akapokea. Kisha Yustino ataja jambo dogo ambalo msomaji mwenye haraka angelipita: mashemasi waliwapelekea sehemu yao wale wasiokuwapo. Halafu wenye mali walitoa walichopenda, na kiongozi akakitumia kuwasaidia yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Hii ndiyo desturi ya Kanisa lilipokuwa dogo na kuteswa. Hakuna aliyesema: hakuja, basi hana fungu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 hufundisha kwamba ushirika wa watakatifu una maana mbili zisizotengana: ni kushiriki mambo matakatifu, kwanza Ekaristi, na ni umoja wa watu watakatifu wao kwa wao. Tukiweka hayo kwa namna ya swali na jibu, ili muwafundishe watoto, twaweza kusema hivi. Swali: Je, mtu aweza kushika mambo matakatifu na kuwaacha watu? Jibu: Hawezi, kwa sababu Kristu ni mmoja, na awaachaye viungo vyake amemwacha yeye.

Sasa tutazame ni nani asiyekuwapo.

Yupo mwenye deni. Huyu twakutana naye kila mwisho wa mwaka. Alikopa fedha wakati mtoto alipolazwa hospitali, akaahidi kulipa mwezi wa kumi na mbili, na mwezi wenyewe umefika mikono ikiwa mitupu. Aliyemkopesha ni jirani yake katika shirika, huketi kwenye benchi la mbele, pengine ndiye aongozaye nyimbo. Basi mwenye deni aacha kuja salani. Kwanza asema ana homa, halafu asema ana safari, na mwishowe hasemi kitu. Watu husema imani yake imepoa, kumbe imani haijapoa, ila ameona haya. Kanisa halifundishi kwamba deni hufutika kwa sababu ya sikukuu. Aliyekopa na alipe, na asiyeweza kulipa yote leo alipe kidogo kidogo, tena aende mwenyewe kusema ukweli kuliko kujificha. Lakini mwenye kudai ndiye mwenye nguvu, naye ndiye awezaye kuanza. Aende kwa nduguye kabla ya tarehe 31, amwambie: njoo tusali, habari za fedha tutazitengenezea siku yake. Neno hilo halimgharimu hata franka moja. Na kama yupo katika shirika mtu mwenye nafasi, akumbuke alivyofanya Paulo kwa ajili ya Onesimo mtumwa. Alimwandikia Filemoni kwamba lolote analodaiwa Onesimo aandikiwe yeye Paulo.

Yupo kijana aliyekwenda machimboni, upande wa Kolwezi au Kivu, kuchimba kobalti au dhahabu kwa mikono yake. Aliondoka akiahidi kurudi na mali. Hakupata, basi harudi, maana aogopa kuonekana Bonane akiwa na nguo zile zile alizoondoka nazo. Wazazi, mpelekeeni neno kwa simu, au kwa dereva wa lori, au kwa mtu yeyote apitaye njia ile, kwamba mwamngojea yeye wala hamngojei mzigo. Wapo pia wagonjwa, wapo wafungwa. Juu ya hao mafundisho yetu ya huruma yalikwisha kusema mengi.

Yupo na mwingine, ambaye habari zake ni nzito kutaja katika siku za furaha, lakini tusipozitaja tutakuwa tumesema nusu tu. Mwaka uishapo jamaa hukutana, na nyumba iliyozika watu wawili au watatu huanza kuulizana kwa sauti ya chini: ni nani aliyetuua mwaka huu? Ndipo macho humgeukia bibi kizee asiye na mume wala mtoto wa kumtetea, au mtoto yatima aliyeletwa juzi, anayekojoa usiku na kusema maneno usingizini. Amewala, wasema. Kabla ya Januari kwisha mtoto yule yuko sokoni, alala chini ya meza za wauza samaki.

Wapendwa, malaria huua. Surua huua, kipindupindu huua, maji machafu huua, na mama hufa kwa kujifungua mbali na mkunga. Maumivu ya kufiwa ni ya kweli, wala hatuwacheki wanaolia. Lakini kumtwika mtoto kifo cha mtu ni dhambi kubwa mbele ya Mungu, na ni kosa mbele ya serikali. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya kuwalinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 yaweka adhabu. Lakini askari hatafika mapema kuliko jirani. Kwa hiyo twawaambia viongozi wa mashirika: mkisikia neno hilo limeanza katika nyumba fulani, msingoje. Nendeni wawili au watatu, kaeni na yule anayeshitakiwa, kuleni naye mbele ya watu. Mkristo akila bukari katika sahani moja na bibi anayeogopwa, amefundisha katekisimu kuliko sisi tunaosema katika redio. Na kama hatari ni kubwa, mpeleke mtoto kwa masista au kwa paroko usiku ule ule, kisha mjulishe wakuu.

Wengine watasema: jamaa ni jamaa, mambo ya nyumba hayaamuliwi na watu wa nje. Kwa nini basi Wakristo twaitana ndugu? Watawa ambao Mwenye Heri Anuarite Nengapeta alikuwa mmoja wao huitwa Jamaa Takatifu, na jina hilo ni la Kiswahili. Walitoka makabila mbalimbali. Mwishoni mwa Novemba 1964 waasi waliwachukua wote pamoja kutoka Bafwabaka wakawapeleka Isiro, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba mkuu mmoja wa askari alitaka kumtenga Anuarite na wenzake. Mama mkubwa wao hakukubali kumwacha peke yake. Anuarite aliuawa usiku ule akiwa amemsamehe aliyempiga, na Papa Yohane Paulo wa 2 alimtangaza mwenye heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Masista wale hawakuzaliwa tumbo moja, lakini saa ya hatari walisimama kama watoto wa mama mmoja.

Na tena hatuna budi kukumbuka upande wa pili. Katika Katanga, iliyoitwa Shaba siku zile, miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine. Wengi walikuwa wamezaliwa pale pale. Walilala vituoni wakingojea treni, siku nyingi, mwaka ukaisha na mwingine ukaanza wakiwa bado wanangojea, na wengine walikufa kwa njaa na maradhi. Waliofukuzwa walikuwa Wakristo, na wengi wa waliofukuza walikuwa Wakristo. Walikuwa wamesali Baba Yetu moja kwa lugha moja. Wako pia waliowaficha jirani zao na kuwapelekea chakula vituoni, Mungu anawajua. Twasema hayo kwa vijana ambao hawakuwapo, ili wajue kwamba ushirika usiochungwa huweza kuvunjika ndani ya miezi michache, hata mahali penye makanisa makubwa na kwaya nzuri.

Hii ni sababu moja inayotufanya tuyapende mashirika madogo. Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walipokutana Léopoldville, mji uitwao Kinshasa leo, waliamua kwamba Kanisa la nchi yetu lijengwe juu ya jumuiya hai za Wakristo, watu wa mtaa mmoja wanaojuana. Katika kanisa lenye watu elfu moja, ni nani atajua kwamba mama yule hakuja? Katika shirika la nyumba ishirini, asipokuja jioni moja, mwenzake hupita kwake kabla ya kulala. Twasikia watu wakilalamika kwamba mashirika yamegeuka kuwa mahali pa michango tu, na kwamba kila mkutano huisha kwa kutoa fedha. Malalamiko hayo pengine ni ya kweli. Dawa yake ni kuonyesha wazi michango ile imekwenda kwa nani.

Basi twapendekeza jambo moja kwa jioni ya tarehe 31 Desemba, nalo halihitaji padri wala umeme. Shirika likutane mapema, kabla ya giza, kwa sababu ya usalama wa njia. Kiongozi alete daftari la nyumba, ayasome majina yote polepole, mmoja mmoja. Jina likisomwa, aliyepo aitike. Jina la asiyekuwapo likisomwa, kuwe kimya kidogo, kisha ajuaye habari zake aseme: yu mgonjwa, yuko safarini, ana kilio, hatujamwona tangu Septemba. Na mtu mmoja aseme kwa kinywa chake: mimi nitakwenda kwake. Jina lake liandikwe kando ya lile la kwanza. Halafu yasomwe majina ya marehemu wa mwaka, maana hao nao hawakutoka katika ushirika. Kifo kimewatoa mtaani, hakikuwatoa katika Mwili wa Kristu, nasi twawasaidia kwa sala na kwa Misa. Mwisho waimbe utenzi wa shukrani uitwao Te Deum kwa lugha wanayoijua. Kanisa latoa rehema kamili kwa waamini wanaouimba hadharani siku ya mwisho ya mwaka, na vilevile kwa wanaomwimbia Roho Mtakatifu utenzi wa Veni Creator siku ya kwanza, wakishika masharti ya kawaida: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kuacha kila mapenzi ya dhambi.

Kesho yake, kabla mtu hajaketi mezani kwake, apakue sehemu ya yule aliyeandikiwa, aifunike, aichukue mwenyewe. Asimtume mtoto. Akifika asiweke sahani mlangoni na kukimbia, ila aingie, aketi, aulize habari. Chakula kiwe kile kile anachokula yeye. Kama nyumbani mwake ni sombe na samaki wadogo tu, apeleke sombe na samaki wadogo.

Twajua ya kuwa wengi wenu mnaotusikia hamna meza wala mtaa wa zamani. Mnamo Januari 2025 mapigano yaliufikia mji wa Goma, na Februari ya mwaka ule ule yakaufikia Bukavu. Jamaa zikatawanyika, na wengine hawajui hadi leo wenzao walikokimbilia. Kwenu hatusemi maneno ya kuwafurahisha upesi. Twawaambia tu kwamba daftari la shirika lenu la kwanza, hata likiwa limeungua, Mungu analo, na kwamba parokia yoyote mliyoikuta njiani inapaswa kuwapa nafasi katika daftari lake. Nendeni mkajitaje. Na ninyi wenye kuwapokea, msiwaandike katika ukurasa wa wageni. Waandikeni katika orodha ile ile, nyumba baada ya nyumba.

Somo lijalo litakuwa juu ya Epifania. Walio na kitabu cha Injili wasome kabla ya siku hiyo sura ya pili ya Mtakatifu Mateo, na wasiojua kusoma waombe watoto wao wawasomee. Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awabariki. Kwa herini.